Mgeni Rasmi Niliyemwandika kwa Brashi

Sehemu ya Sita

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa nyama kabla hujafika ukurasa huu, usijali. Nitakueleza kwa ufupi tulikotoka.

Mimi ni Ephantus Mungai. Kazi yangu ni kuandika mabango, na kibanda changu kiko karibu na Adams Arcade, kwenye Barabara ya Ngong. Jioni na wikendi mimi ni katibu wa mashabiki wa Kabiria Rovers, timu isiyo na uwanja.

Uwanja tulikuwa nao. Mwaka wa 2003 ulizungushiwa mabati, tukaambiwa unakarabatiwa, miezi sita tu, vumilieni. Sasa ni 2006. Mechi zetu za nyumbani tunachezea Thika. Na barabara ya kuelekea uwanjani imechimbika hadi bata wa jirani yangu wameacha kurudi nyumbani. Wamepata ziwa.

Ndipo nikatenda dhambi niliyokiri wiki jana. Mimi na rafiki yangu Chetan, mwenye duka la rangi na misumari, tulichora bango kubwa, tukalisimika njia panda siku ya Jumapili watu wakiwa kanisani. Liliandikwa hivi: KARIBU MHESHIMIWA WAZIRI. UFUNGUZI RASMI WA UWANJA WA KABIRIA NA BARABARA YAKE. JUMAMOSI, TAREHE 14 OKTOBA, SAA NNE ASUBUHI.

Hatukuwa na waziri. Tulikuwa na rangi iliyobaki.

Tulitaka kumwaibisha kontrakta, Injinia Kiarie, halafu tucheke, basi. Niliachia pale ambapo Jumatatu asubuhi nilifika njia panda nikidhani nitakuta watu wakicheka, nikakuta tingatinga.

Tingatinga, lori la lami, rola, na wanaume ishirini wenye sepetu.

Nilimwendea nyapara wao, mtu mfupi kwa jina Mwanzia, aliyekuwa akinywa chai juu ya pipa.

"Kuna nini hapa, mkubwa?"

"Kwani wewe husomi?" Akanionyesha bango langu kwa kikombe. "Waziri anakuja Jumamosi. Injinia amenipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, sauti inatetemeka."

"Na lami itafika wapi?"

"Ameniambia niweke kutoka barabara kubwa mpaka kwenye bango."

Niligeuka nikaangalia. Kutoka barabara kubwa mpaka kwenye bango ni hatua tisini. Kutoka kwenye bango mpaka uwanjani ni kilomita moja na nusu ya mashimo.

"Lakini Injinia anadhani bango liko uwanjani," nikasema.

"Pengine."

"Hutamwambia?"

"Ndugu yangu, mimi nafuata maagizo. Kufikiri kulinifukuzisha kazi mara mbili." Akamaliza chai. "Bango likiisha, lami inaisha."

Nilimpigia Chetan kwa simu yangu ya tochi. Saa saba wanaume wale walipoketi kula githeri, mimi na yeye tuling'oa bango, tukalibeba begani kama maiti, tukalisimika mbele hatua mia tatu.

Mwanzia alirudi akijichokoa maharagwe menoni. Akaangalia shimo pale bango lilipokuwa. Akaangalia bango kule mbali. Akaniangalia mimi, mikono imejaa udongo.

"Bango limetembea," akasema.

"Labda ni upepo."

"Upepo wenye jembe?"

Akapuliza filimbi. "Haya vijana! Lami inaenda mbele!"

Hivyo ndivyo tulivyoishi siku tatu. Kila wakiketi kula au kunywa chai, bango linatembea. Kila likitembea, lami inalifuata kama ng'ombe anayefuata chumvi. Ilikuwa lami nyembamba, nyembamba kama siagi kwenye mkate wa kioski, lakini ilikuwa nyeusi na ilikuwa yetu.

Jumanne nilisimamishwa njiani na Sista Virginia, nesi wa zahanati.

"Baba Shiru, huyo Waziri hawezi kupitia kwetu?"

"Waziri? Mimi nitajuaje mipango ya Waziri?"

"Nasema tu. Wiki jana mama mjamzito aliletwa kwangu kwa wilbaro. Ikazama. Nilimzalishia pale pale nje, tukimfunika kwa leso." Akanikazia macho. "Mpango ukibadilika, nitashukuru."

Siku hiyo mpango ulibadilika. Bango lilipinda kushoto, likaingia kichochoro cha zahanati, likakaa huko mpaka jioni. Jumatano asubuhi lilirudi kwenye njia yake, na jioni ya Jumatano lilikuwa mbele ya lango la uwanja.

Sikumwambia mtu, na hakuna aliyeniuliza. Mtu wa Nairobi haulizi lami imetoka wapi. Anatembea juu yake haraka kabla haijaondolewa.

Nilidhani mambo yataishia hapo. Hapo ndipo yalipoanzia.

Jumatano hiyo hiyo, saa sita mchana, gari jeupe liliegeshwa mbele ya kibanda changu. Halikuwa na tone la matope. Mwenyewe anaishi Loresho, na ukikaa Loresho, matope unayaona kwenye televisheni. Akashuka mtu mnene mwenye miwani ya jua.

"Wewe ndiye Mungai wa mabango?"

Nilimtambua. Injinia Kiarie.

"Ndiye, bosi."

"Lile bango la Waziri, unajua aliyeliandika?"

"Sijui, bosi."

"Kazi safi sana. Nilimtaka huyo huyo, lakini sina wakati wa kumtafuta." Akatoa miwani. "Unaweza kuiga mkono wake?"

"Naweza kujaribu."

"Nataka turubai. Mita thelathini kwa urefu, sita kwenda juu. Unichoree jukwaa la uwanja. Viti vya buluu, paa, na watu. Watu wengi, wamejaa, wanashangilia."

"Na jukwaa lenyewe liko wapi, bosi, ili nilione niliige?"

"Liko njiani."

"Linatoka wapi?"

"Mungai, wewe unachora ama unahoji?" Akarudisha miwani. "Waziri atakaa kwenye hema hapo langoni. Turubai litakuwa ndani, mbali na lango, mbele ya kiwanja. Atapigwa picha, atakunywa soda, ataenda. Ijumaa jioni litakuwa tayari?"

Alipoondoka nilikimbia kwa Chetan. Nilimkuta akipima misumari kwenye mizani.

"Mtu wangu, ule uwanja hauna kitu ndani," nikamwambia. "Anataka nimchoree jukwaa la uongo."

Chetan aliacha mizani. Usimwone vile ana duka. Baba yake alimleta uwanja ule akiwa na miaka sita, akamketisha mabegani, na bao aliloliona siku hiyo bado anaweza kukuchezea kwa kopo la rangi hapo sakafuni.

"Chora," akasema.

"Nitakuwa namsaidia mwizi."

"Utakuwa unamshonea mwizi nguo. Siku itakapochanika, mtaa mzima utaona makalio. Chora, bana. Rangi nitatoa mimi."

Basi nikachora. Na hapa lazima nikiri jambo ambalo ni baya zaidi ya bango: nilifurahi.

Nilitandaza turubai nyuma ya duka la Chetan, nikavua viatu, nikatembea juu yake na brashi siku mbili nzima. Nilichora paa. Nilichora viti. Kisha nikaanza kuchora watu, na badala ya kuchora vichwa tu, nikachora watu ninaowajua. Nilimweka Chetan na shingo yake ndefu. Nilimweka Sista Virginia. Nilimweka Mwihaki, mke wangu, na kitambaa chake cha manjano. Mstari wa mbele kabisa nilimweka Mzee Njuguna, mtunza nyasi wetu wa zamani, amekunja mikono kama mwenye nyumba.

Kwa siku mbili nilikuwa na uwanja. Tangu 2003 sikuwa nimelala usingizi mtamu hivyo.

Alhamisi jioni nilifika nyumbani nikipiga mluzi. Mwihaki alipakua ugali akaketi mbele yangu.

"Baba Shiru, habari njema. Kwaya ya akina mama imechaguliwa kumwimbia Waziri. Mimi ndiye naongoza."

Nilirudisha tonge kwenye sahani.

"Tuko thelathini," akaendelea. "Sare tumeshapiga pasi. Kuna kitu kimoja tu. Wimbo una nafasi ya jina. Waziri anaitwa nani?"

"Wekeni Mheshimiwa tu."

"Mheshimiwa nani?"

"Mheshimiwa... sana."

Mwihaki aliniangalia. Ni mwanamke asiyepandisha sauti, na hilo ndilo linalotisha. Aliniangalia mpaka nikahisi masikio yanapata moto.

"Kula," akasema. "Chakula kinapoa. Kesho asubuhi nitashuka mjini mara moja. Kuna kitu naenda kutafuta."

Ijumaa saa mbili Mzee Njuguna alikuwa kwenye kibanda changu, amevaa suti ya harusi yake. Harusi yenyewe ilikuwa kabla ya Uhuru, kwa hivyo suti ilikuwa imemwacha mabegani na kumbana kwingine kote.

Mzee huyu alitunza nyasi za Kabiria miaka ishirini na saba. Siku mabati yalipowekwa, alikuwa ameenda kunywa uji. Aliporudi alikuta kufuli. Mikasi yake ya kukatia nyasi ilibaki ndani.

"Kijana yangu," akasema, "Chifu ameniambia nitapewa nafasi ya kusema neno mbele ya Waziri. Macho yangu hayaoni maandishi madogo. Niandikie kwa herufi kubwa."

"Nikuandikie nini, mzee?"

Alifikiri. Nadhani alikuwa amefikiri miaka mitatu.

"Andika: Mheshimiwa, nyasi zangu ni nzima?"

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Mengine watasema wenye shule."

Nilichovya brashi. Alama ya kuuliza ilitoka kama ndoano. Mzee aliipokea kadibodi ile, akaikumbatia, akanibariki kwa Kikuyu, akaenda zake akitembea juu ya lami mpya polepole, kama mtu anayeingia kanisani na viatu vichafu.

Nilifunga kibanda. Nikamwambia Chetan, "Lazima Waziri apatikane."

"Wapi?"

"Wanakokaa mawaziri."

Tulishuka katikati ya jiji, tukaingia ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja, ghorofa ya saba, lifti imekufa. Mlangoni mwa wakubwa palikuwa na mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kwa mnyororo, jina lake limeandikwa mezani: Bi Mbithe.

"Waziri yuko nje ya nchi mpaka mwezi ujao," akasema mara tu niliposema tunatoka Kabiria.

"Naibu wake?"

"Yuko kwao, ana matanga."

"Mkurugenzi?"

"Likizo."

"Mama," Chetan akasema, "tupe mtu yeyote mwenye tai."

Bi Mbithe aliweka kalamu chini. "Nyinyi watu wa Kabiria mna nini leo? Asubuhi alikuja mama mmoja na swali hilo hilo. Nikamwambia hakuna nafasi. Akasema atangoja. Akakaa hapo, na alipochoka kukaa kimya akaanza kuimba."

"Kuimba?"

"Beti zote. Watu wakatoka maofisini wakidhani kuna ibada."

"Alikuwa amevaa kitambaa cha manjano?"

"Cha manjano."

"Na ulimwambia nini?"

"Hayo ni yangu na yeye," akasema Bi Mbithe, akavaa miwani, na hiyo ilikuwa namna yake ya kutuonyesha ngazi.

Saa kumi na moja jioni nilimkuta Mwihaki akianua nguo. Nilisimama upande wa pili wa kamba. Kati yetu palikuwa na shuka.

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Miaka kumi na moja nakufulia mashati, Baba Shiru. Buluu ya lile bango na buluu ya kola yako ni ndugu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Akakunja shuka, nikamwona uso. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

"Sikiliza," akasema. "Mimi sitasimama mbele ya kanisa lote nimwimbie mtu asiyekuwepo. Lakini wewe ukisimama kesho useme ukweli mbele ya kila mtu, nitaimba. Nitakuimbia wewe. Sauti ya kwanza na ya pili."

"Watanifunga."

"Nitakuletea chakula."

Jumamosi ilifika. Jua kali, hema nyeupe, viti vya kukodi, watoto wa shule na bendera za karatasi. Mashabiki wa Rovers walikuja na tarumbeta zao na ngoma, watu kama elfu mbili. Lango la mabati lilifunguliwa mbele yetu kwa mara ya kwanza tangu 2003, lakini mwanya tu, wa kutosha kuona turubai langu limening'inizwa kule mbali kati ya nguzo, likiziba kiwanja machoni petu.

Lilipendeza mno. Kwa umbali ule, hata mimi niliamini. Nilisikia mtu akisema, "Kumbe wamejenga! Na watu wameshaingia! Sisi tunangoja nini huku nje?"

Saa nne ikapita. Saa tano. Saa sita soda zikaanza kupata moto. Injinia Kiarie alikuwa amelowa mgongo mzima. Alishika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, Mheshimiwa anakuja. Amekwama barabarani."

"Kwenye mashimo ya nani?" sauti ikauliza kutoka nyuma, na umati ukalipuka kwa kicheko.

Nilimtazama Mwihaki, amesimama mbele ya kwaya yake. Hakunitazama. Nilimtazama Mzee Njuguna, mstari wa mbele, kadibodi magotini.

Nikainuka. Sijui miguu ilipata wapi ruhusa. Nilichukua kipaza sauti mkononi mwa Injinia, naye akakiachilia, nadhani alifikiri nataka kusifu lami.

"Mimi ni Mungai, katibu wenu," nikasema. "Waziri haji. Hakuwahi kualikwa. Lile bango niliandika mimi."

Watoto waliteremsha bendera zao.

"Na lami?" nesi Virginia akauliza.

"Lami ni ya kweli, Sista."

"Basi huyo Waziri asije tena wiki ijayo! Kuna upande wa sokoni haujaguswa!"

Kicheko kilichofuata kiliinua hema. Injinia Kiarie hakucheka.

"Chifu! Mkamate huyu! Ameghushi bango la serikali!"

Chifu alinitazama. Kisha akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake, ambavyo kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu havikuwa na matope. Akakohoa.

"Nitamkamata," akasema. "Lakini tumalize ratiba kwanza. Ratiba inasema wimbo."

Mwihaki akainua mkono. Kina mama thelathini wakavuta pumzi. Sikuwahi kusikia wimbo ule ukiimbwa vile. Palipokuwa na nafasi ya jina, waliweka langu, na nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ilikuwa na lami.

Walipofika kiitikio cha pili, Mwihaki hakusimama mahali pake. Alimwendea Mzee Njuguna, akamshika mkono, akamwinua. "Twende ukaone nyasi zako, Baba," nikamsikia. Kwaya nzima ikageuka, mzee katikati, ikaelekea langoni kwa mwendo wa ibada.

"Hakuna ruhusa! Ni eneo la ujenzi!" Injinia alipiga kelele.

Soja wa lango alisimama na rungu lake. Kina mama wakaja wakiimba. Akaangalia rungu. Akaangalia sare nyeupe zilizopigwa pasi. Akafungua lango lote, akavua kofia.

Sisi sote tukafuata. Mwihaki alilifikia turubai, akalishika kwa mikono miwili kama anayeanua nguo, akavuta. Kamba zikakatika. Jukwaa langu likaporomoka, na paa lake, na viti, na Chetan, na Sista Virginia, na mke wangu mwenyewe wa rangi.

Nyuma yake palikuwa na sukuma wiki.

Sukuma wiki kutoka goli hadi goli. Mistari iliyonyooka, majani mapana, yamemwagiliwa vizuri. Katikati ya kiwanja palikuwa na mahindi. Mmea wa malenge ulikuwa umeupanda mlingoti wa goli la upande wa zahanati, na lenge moja limekaa juu kabisa, kwenye pembe ambayo hakuna kipa angeifikia.

Hakuna jukwaa. Hakuna tofali. Hakuna shimo la msingi.

"Ngojeni," mama mmoja akasema polepole, akamgeukia soja. "Wewe si ndiye unatuuzia sukuma hapo langoni kila jioni?"

Soja akaanza kurudi nyuma.

Ilituchukua muda kuelewa, na tulipoelewa tulitazamana mtaa mzima. Miaka mitatu. Kila nyumba Kabiria. Tena tulikuwa tukiisifu, laini, haina wadudu.

"Kwa hivyo," Chetan akasema, "tumekuwa tukiula uwanja wetu."

Wengine walicheka, wengine walitukana, na wengine walifanya yote mawili. Injinia Kiarie alikuwa anaelekea kwenye gari lake, lakini Mwanzia alikuwa ameegesha rola nyuma yake, akaizima, na sasa alikuwa akitafuta ufunguo mifukoni bila haraka yoyote.

Mzee Njuguna alitupita. Aliingia katikati ya sukuma na suti yake ya harusi, akapiga magoti mahali ambapo zamani palikuwa na duara la katikati, akaanza kupekua mashina kwa vidole. Alipekua, akapekua.

"Iko," akasema. "Kuna moja iko."

Alikuwa ameshika unyasi mmoja. Niliona mabega yake yakitikisika, na mashabiki wa Rovers, wanaume ambao wamewahi kumrushia refa viatu, wakawa wanaangalia mawinguni.

Hapo ndipo teksi ilipoingia langoni.

Ilikuja taratibu juu ya lami, ikasimama kando ya hema. Akashuka mwanamke mwenye miwani ya mnyororo na faili ya kijani kwapani. Bi Mbithe. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Mwihaki, wakasalimiana kwa mikono miwili. Kisha akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Waziri hayuko," akasema. "Nimekuja mimi, kwa nauli yangu. Jana mama huyu aliimba mpaka nikamwahidi kitu kimoja: kwamba nitaitafuta faili ya uwanja huu na kuwasomea kilichomo. Mnataka nisome?"

"Soma!" elfu mbili wakanguruma.

Akafungua. "Inasema hapa kwamba ukarabati ulikamilika mwezi wa Machi mwaka jana. Viti elfu tano. Paa la chuma. Vyoo kumi na viwili."

Tulicheka mpaka machozi. Mtu alichuma jani la sukuma, akaligeuza kama tikiti, akauliza kiti chake ni namba ngapi.

Bi Mbithe alingoja. "Kazi kama hii haifungwi hivi hivi. Lazima mwakilishi wa mashabiki aje akague, aridhike, atie sahihi. Na yuko aliyetia sahihi."

Kicheko kikakatika kama redio iliyoisha betri.

"Nani?" mtu akauliza.

"Mtaje!" mwingine.

"Mtaje! Mtaje! Mtaje!" Sauti ikawa moja, ngoma zikaingia, na aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, juu ya kiti kilichochukuliwa hemani, ngumi hewani, mishipa ya shingo imesimama, alikuwa mimi.

Bi Mbithe akasogeza miwani.

"Katibu wa mashabiki," akasoma. "Ephantus Mungai."

Ngumi yangu ilibaki kule juu. Nilisahau jinsi ya kuishusha.

Nilishuka kwenye kiti, nikapasua umati, nikaipokonya ile karatasi, tayari kuapa mbele ya Mungu na Chifu kwamba imeghushiwa. Mimi ni mtu wa maandishi. Mkono wa mtu nautambua kama sura.

Niliitazama mara moja. Nikaitazama tena.

Ningependa kukuambia ilighushiwa. Ilikuwa sahihi yangu, wino wangu, mkono wangu mwenyewe. Hata mahali nilipotia sasa nilipakumbuka, na nani alikuwa ameketi mbele yangu.

Mwihaki alikuwa amenifuata. Aliisoma akiwa begani kwangu, mpaka tarehe. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa bado wazi mkononi mwa Bi Mbithe na mtaa wote ukasikia:

"Baba Shiru, na hii nayo ulikuwa unangoja nini kuniambia?"